Kabla hatujawaita watu wa Mayotte vibaraka

Tangu kimbunga Chido kiipige Mayotte, kimoja cha visiwa vinne vya Komoro na ndicho kilichobaki chini ya Ufaransa, tarehe 14 Desemba 2024, kuna ubishi ambao hauishi kwenye vijiwe vya kahawa hapa Dodoma. Mmoja anasema: waoneni wale waliobaki na Mfaransa, mshahara kwa euro, pasipoti ya Ulaya mfukoni, sisi tuliokimbilia uhuru tumepata nini cha kuwazidi? Mwenzake anamrukia: wale ni vibaraka, waliwageuka ndugu zao Wakomoro mwaka 1975, na malipo yao ndiyo yale mabati yaliyopeperushwa mbele ya dunia nzima. Huyu wa pili ndiye anayepigiwa makofi. Wa kwanza ana pupa na hesabu zake nitazigusa, ila wa pili naona anawatukana watu asiowajua.

Tofauti ya ukubwa iko wazi. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7. Mayotte ina kilomita za mraba 374 na watu kama 320,000. Jiji la Dodoma peke yake, ukitoka Zuzu hadi Hombolo, linakimeza kisiwa hicho mara kadhaa na bado shamba la zabibu linabaki. Sisi tuna bendera, jeshi, sarafu na kiti Umoja wa Mataifa. Wao, tangu tarehe 31 Machi 2011, ni mkoa wa 101 wa Ufaransa, na mambo yao makubwa huamuliwa Paris, umbali wa kilomita 8,000 hivi.

Lakini kama kuna Mtanzania anayepaswa kuielewa Mayotte, ni mkazi wa Dodoma, kwa sababu ugomvi wote ulianzia kwenye kuhamisha makao makuu. Enzi za ukoloni serikali ya visiwa vyote vinne vya Komoro ilikaa Dzaoudzi, Mayotte. Ufaransa ilikuwa imeichukua Mayotte tangu 1841, zaidi ya miaka 40 kabla ya kuvitia vile vingine mkononi. Mwaka 1958 ikaamuliwa kwamba makao makuu yahamie Moroni, kisiwa cha Ngazija, na ofisi zikaendelea kuhama mpaka miaka ya sitini.

Sisi tulilionja jambo hilohilo kwa upande wake mtamu. TANU iliamua mwaka 1973, tukasubiri zaidi ya miaka 40, na Rais Magufuli alipotangaza 2016 kwamba sasa serikali inahama kweli, kila mwenye kiwanja Ilazo au Iyumbu alijua kilichofuata. Vyumba vilivyokuwa vinakosa mpangaji vikaanza kugombaniwa. Mama lishe akaongeza masufuria. Fundi wa madirisha ya alumini akaanza kuwapanga wateja foleni. Sasa geuza picha. Karani ameondoka, askari ameondoka, tarishi na mishahara yao wameondoka, na wote wameenda kisiwa kingine, kwa watu ambao tayari mnawatuhumu kwamba wanajipendelea. Wewe umebaki na duka lisilo na mteja.

Wa kwanza kuuonja uchungu huo walikuwa wanawake wa sokoni na wa majumbani, na ndio walioanza vita. Wakiongozwa na Zéna M'Déré, walibuni silaha ambayo sijasikia mahali pengine: kiongozi akitoka Moroni walimzingira na kumtekenya, wakamtekenya bila kukoma, hadi akapanda chombo na kurudi alikotoka. Unaweza kucheka, na nadhani wao pia walicheka. Lakini mwaka 1969 mmoja wao, Zakia Madi, aliuawa katika vurugu za mapambano hayo, na jina lake linakumbukwa kisiwani mpaka leo. Anayesema Mayotte ilitungwa na Paris atueleze hao kina mama walitungwa na nani. Paris iliwakuta wakiwa barabarani, ikaona faida yake, ikawatumia. Hilo la kutumiwa silikatai.

Kura ilipopigwa Desemba 1974, Wakomoro kwa jumla yao walitaka uhuru kwa zaidi ya asilimia 94. Mayotte karibu asilimia 64 walisema hapana. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kimoja kimoja, na hapo ndipo penye hoja nzito ya upande wa pili, ambayo siwezi kuipita kimyakimya. Koloni lilikuwa moja. Ukiruhusu kila kona iliyoshindwa kura ijimege, Afrika itabaki vipande. Mwaka 1964 jijini Cairo viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyoachwa na mkoloni, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea hilo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio baada ya azimio kwamba Mayotte ni ya Komoro. Kisheria Moroni ina hoja, na ina hoja nzuri.

Ila ni Mwalimu huyohuyo ambaye Aprili 1968 aliifanya Tanzania kuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, kwa hoja kwamba umoja haulazimishwi kwa bunduki, hujengwa juu ya ridhaa ya wanaoungana. Wanaomnukuu kuhusu mipaka mara nyingi huiruka Biafra. Mimi naona Mayotte imekaa katikati kabisa ya Nyerere wa Cairo na Nyerere wa Biafra, na mtu mwaminifu hawezi kumchukua mmoja akamficha mwingine. Wameulizwa tena mwaka 1976, zaidi ya asilimia 99 wakataka kubaki na Ufaransa. Wakaulizwa 2009 kama wawe mkoa kamili, asilimia 95 wakasema ndiyo. Kibaraka huwa mmoja, au kikundi kilichonunuliwa. Kisiwa kizima kikirudia jibu lilelile kwa miaka 35, neno hilo halitoshi tena. (Na kabla sijaulizwa Zanzibar: ile ni mshirika wa Muungano, ina Rais wake na Baraza lake la Wawakilishi. Mjadala wake una mahali pake.)

Nirudi kwenye hesabu, maana kuna takwimu moja inayorushwa huku na huku: asilimia 77 ya watu wa Mayotte ni maskini. Takwimu ni ya kweli, ya taasisi ya takwimu ya Ufaransa, mwaka 2018. Anayewaita vibaraka huitumia kama nyundo: ona, miaka yote hiyo na Mfaransa na bado robo tatu ni maskini! Lakini maskini kwa kipimo gani? Mstari uliotumika ni wa Ufaransa nzima, unaotokana na kipato cha mtu wa kawaida wa Lyon au Paris. Takwimu hizohizo zinasema mtu wa katikati kabisa Mayotte, yule ambaye nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini yake, alikuwa na euro 3,140 kwa mwaka. Kwa mwezi ni euro kama 260, karibu shilingi 700,000 kwa thamani ya wakati ule.

Sasa chukua utafiti wetu wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, karibu mwaka uleule. Mstari wetu wa umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania waliangukia chini yake. Gawanya kwa siku: kama shilingi 1,650. Kwa mama lishe pale Sabasaba hiyo ni sahani moja ya wali maharage, chai ukanywe kwako, na bado hujalipa kodi ya chumba wala nauli ya daladala. Aliyekuwa na shilingi 1,800 kwa siku hakuhesabiwa maskini. Yule wa katikati wa Mayotte, mwenye mara kumi na nne ya mstari wetu, alihesabiwa maskini.

Hapo yule wa kwanza kijiweni husimama kushangilia. Akae kwanza. Mayotte hula vya kwenye kontena, na takwimu za 2022 za taasisi ileile zinaonyesha chakula huko kilikuwa ghali kuliko Ufaransa bara kwa karibu asilimia 30. Laki saba ya Mamoudzou, mji mkuu wa Mayotte, haifanyi kazi ya laki saba ya soko la Majengo. Isitoshe kipato hicho cha katikati kinaficha mwalimu anayelipwa kwa viwango vya serikali ya Ufaransa na kibarua asiye na karatasi anayelala kwenye kibanda cha mabati mlimani.

Bado kuna jambo ambalo nyundo ya asilimia 77 hailigusi. Mtu wa Mayotte akiishika namba ile ana mlango wa kuipeleka. Anawaambia Paris: mlinipa uraia, mbona kima cha chini cha mshahara wangu kiko chini ya chenu, mbona ruzuku ya wasio na kipato huku ni nusu ya mnayopeana huko? Na baada ya Chido, Bunge la Ufaransa mwaka 2025 lilipitisha sheria inayoahidi kuzisawazisha haki hizo za kijamii ifikapo 2031. Itatimizwa au la, tutaona. Sisi asilimia 26.4 yetu tunaipeleka wapi? Inarudi hapahapa, kwa bajeti inayosomwa bungeni kila Juni, kwa kodi tunazotoa wenyewe. Huo ndio uhuru, na sisemi ni mdogo. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilijengwa kwa uamuzi wetu, huku wakubwa wa nje wakipiga kelele za mazingira. Treni ya umeme inayoingia Dodoma tangu 2024 ni uamuzi wetu, na madeni yake ni yetu. Mayotte haiwezi kuamua hata kujenga jambo la namna hiyo bila kuomba.

Na kuomba kuna siku kunaumiza. Mwaka 2023 mvua zilipokataa na mabwawa yao mawili kukauka, Mayotte ilifika mahali maji yanatoka siku moja katika tatu. Anayeishi pembezoni mwa Dodoma, anayeijua ratiba ya mgao kuliko ratiba ya ligi, anaelewa maana yake: madumu yaliyopangwa ukutani, tenki linalogongwa kwa ngumi kusikiliza maji yamefika wapi, mtoto anayeamshwa saa nane usiku kwa sababu bomba limeanza kukohoa. Tofauti ni kwamba wao waligawiwa chupa za maji na serikali, nao wakaandamana wakisema raia wa taifa tajiri namna ile hawezi kuishi hivyo. Sisi tunachimba kisima, tunalisubiri bwawa la Farkwa, tunaendelea na maisha. Sijui kama huo uvumilivu wetu ni wa kujisifia.

Baada ya Chido, Rais Macron wa Ufaransa alizomewa kisiwani akajibu kwa ukali kwamba isingekuwa Ufaransa wangekuwa kwenye hali mbaya mara 10,000 zaidi, na neno alilotumia si la kuandika hapa. Tajiri akishaanza kukuhesabia alichokupa, unajua umekaa kwa nani. Hilo ndilo jibu bora walilonalo wanaoutetea uhuru, na kama ningekuwa upande wao ningelianza nalo.

Gharama nyingine ni kubwa zaidi, na haikulipwa na wapiga kura wa Mayotte. Tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995, Mkomoro wa Anjouan, kisiwa jirani, anayekwenda kumwona dada yake kilomita 70 kutoka kwao anakwenda usiku, kwa boti dogo lililojaa kupita kiasi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilitaja makadirio ya watu kati ya 7,000 na 10,000 waliokufa maji. Kisiwani kwenyewe sensa ya 2017 ilikuta karibu nusu ya wakazi ni wageni kisheria, wengi wao ndugu wa damu, wa dini moja na lugha zinazofanana. Makadhi wamevuliwa mamlaka ya kuhukumu. Kibali cha ukaazi kinachotolewa Mayotte kwa kawaida hakikufikishi Marseille, maana yake Paris yenyewe inakihesabu kisiwa kuwa Ufaransa ya aina yake.

Kwa hiyo sisemi walichagua vizuri. Nasema walichagua, na waliyemkataa alikuwa Moroni kabla ya kuwa Afrika. Tumshughulikie basi huyo aliyekataliwa. Ahmed Abdallah alitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, akapinduliwa kabla mwezi wa Agosti haujashika kasi, na yakafuata mapinduzi na majaribio yasiyo na idadi nzuri ya kutaja. Mwaka 1997 Anjouan, iliyokuwa imepigia kura uhuru kwa shangwe, ilijitangazia kujitenga na wapo walioandamana na bendera ya Ufaransa. Machi 2008 askari wetu wa Tanzania, wakiwa na wa Sudan chini ya Umoja wa Afrika, waliteremka Anjouan kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa akikitawala kisiwa hicho. Bacar alikimbilia wapi? Mayotte, kwa boti.

Dawa iliyokuwa imepatikana ilikuwa katiba ya 2001: urais uzunguke, leo Ngazija, kesho Anjouan, kesho kutwa Mohéli, kila kisiwa na zamu yake. Hiyo ingeweza kuwa barua ya Moroni kwa Mayotte, kwamba njooni, hakuna atakayewahamishia tena makao makuu mkabaki mnatazama. Mwaka 2018 Rais Azali Assoumani aliitisha kura ya maoni, na katiba ikabadilishwa ili rais aweze kukaa vipindi viwili mfululizo kabla zamu haijahama. Yeye anatoka Ngazija.