Haka ni mdukuzi, au ni mtundu?

Wakongwe wa kompyuta wana lalamiko lisilozeeka: waandishi wa habari waliwaibia neno "haka" (kwa Kiingereza "hacker"), wakalifanya jina la mwizi wa kompyuta. Haka, wanasema, hakuwa mwizi. Alikuwa kijana wa chuo cha MIT, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanachama wa klabu ya treni za kuchezea, akikesha na nyaya na swichi za reli. Ufundi wa werevu uliowashangaza wenzake ndio ulioitwa "hack". Kompyuta ya PDP-1 ilipofika chuoni mwaka 1961, vijana wa klabu hiyo waliivamia, na mwaka uliofuata ukazaliwa Spacewar!, mchezo wa vita vya angani ambao hakuna bosi aliyeuagiza.

Lalamiko lina uzito. Mwaka 1993 faharasa ya watumiaji wa intaneti, RFC 1392, ilimweleza haka kuwa mtu anayefurahia kuujua mfumo kwa undani. Mvamizi, ikasema, ni "kraka". Mtaani kraka halikushika.

Ila kuna habari moja ya gazeti inayotia doa hadithi hiyo. Novemba 1963 gazeti la wanafunzi wa MIT wenyewe liliripoti kuwa huduma nyingi za simu chuoni zimepunguzwa kwa sababu ya mahaka. Walikuwa wamezijaza laini zote za kati ya MIT na Harvard, tena wakipiga simu za mbali na kukibambikia bili kituo cha rada. Laini ya kutokea nje walitafutiwa na kompyuta: PDP-1! Hiyo ni miaka 20 kabla ya vijana wa Milwaukee, kundi la 414, kunaswa kwa kuingia mifumo ya kompyuta ya watu na neno kugeuka la jinai magazetini. Huo usafi wa mwanzo, basi, mimi siununui.

Kiswahili kilikata shauri mapema: mdukuzi. Hakuna anayeitwa hivyo akatabasamu. Lakini gazeti likishaandika kuwa wadukuzi wamekomba fedha benki, ukurasa wa pili linawapongeza vijana walioshinda hakathoni, yaani mashindano ya kubuni programu za kompyuta. Mzizi ni uleule, "hack", na sijaona mhariri aliyethubutu kuandika "mashindano ya udukuzi".

Na neno tulikuwa nalo. Mtoto akiifungua redio ya baba yake aone nani anasema humo ndani, mama huguna, "Mtundu huyu!" na hujui kama anasifu au anatafuta fimbo. Mtundu anabeba pande zote mbili. Najua aliyechotewa akiba yake kwenye simu hatakubali mwizi wake apewe jina la kudekezwa hivyo, na ana haki.

Lakini mtazame fundi simu pale kibarazani. Asubuhi anaflashi simu ya mama aliyesahau nywila, yaani anaifuta na kuipakia programu upya. Jioni kijana anamletea nyingine, akiulizwa namba ya laini iliyomo anababaika. Kebo ni ileile, na programu ni ileile.