Mtoto afundishwe mwendo wa mkono kabla ya umbo la herufi

Nikirudi Tanga huulizwa kama ni kweli kwamba huku Ufaransa watoto wa darasa la kwanza wanaandika kwa mwandiko wa kuunganisha, katika zama hizi za simu. Ni kweli. Na katika jambo hili naona Wafaransa wametuzidi, ila sababu yenyewe siyo ile wanayoifikiria wengi. Watu hudhani siri ni ukali wa walimu, au madaftari mazuri, au kalamu za wino. Mimi naona siri ni kwamba wanaanza na mkono, sisi tunaanza na herufi.

Mwanangu aliingia shule ya awali hapa Lyon akiwa na miaka mitatu, umri ambao tangu 2019 ni wa lazima. Kwa muda mrefu kazi alizokuja nazo nyumbani hazikuwa na herufi za kuunganisha hata moja. Zilikuwa vitanzi, mawimbi, mistari ya kupanda na kushuka, safu za vidaraja. Walivichora kwa brashi kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani, halafu karatasi zikawa ndogo, brashi ikawa penseli. Alipofika miaka mitano ndipo wakamwambia kwamba kile kitanzi alichokizoea, kikiwa kifupi ni e, kikiwa kirefu ni l. Hakuwa na kipya cha kujifunza isipokuwa jina.

Herufi nazo hazifuati a, b, ch. Zinapangwa kwa ukoo wa mwendo. Kuna ukoo wa vitanzi. Kuna i, u na t zinazopanda na kushuka. Kuna c, a, o, d, g na q zinazoanza kwa mduara wa kwenda kushoto. Kuna m, n na p za vidaraja. Mwalimu anasimama nyuma ya mtoto na kutazama mkono ulipoanzia, haangalii tu kilichobaki kwenye karatasi. Ukutani kuna jedwali la kila herufi kwa sura tatu: kubwa ya chapa, ndogo ya chapa, na ya kuunganisha, ili mtoto ajue kwamba a ya kitabuni na a ya daftarini kwake ni ile ile.

Daftari lenyewe lina mistari ya Seyès, muuza vitabu wa Pontoise aliyeisajili mwaka 1892: mistari myembamba iliyoachana milimita 2, na mnene kila baada ya milimita 8. Herufi ya a inakaa katika nafasi moja, d na t zinafika ya pili, l na b zinafika ya tatu. Mtoto hapewi amri ya jumla kwamba aandike vizuri; anaonyeshwa mstari wa kufikia.

Sisi tulifundishwaje? Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili, akapita akiweka vema au mkasi. Wapo walioandika o kwa kuanzia chini, na walioandika d kwa kuchora fimbo kwanza kisha tumbo, na maadamu umbo lilifanana na la ubaoni, vema ilitoka. Mtoto wa namna hiyo akitakiwa kuunganisha baadaye hawezi, maana herufi zake zinaishia pasipo na njia ya kwenda kwa jirani. Hapo ndipo tunapomwita mvivu wa mwandiko, na mkono wake tuliuzoesha hivyo sisi wenyewe. Mtoto wa mashoto ndiyo kabisa. Mpaka leo wapo wanaomchapa mkono wa kushoto. Hapa humwinamishia karatasi upande wa kulia, basi.

Kinachoniuma ni kwamba maarifa haya tunayo. Mtoto wa pwani hukaa chuoni, yaani madrasani, mbele ya mwalimu wake na kujifunza kwamba herufi ya Kiarabu ba ina sura ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Kwamba alifu, dali, dhali, ra, zai na wau haziungi mbele. Kuunganisha si pambo analongojea mpaka awe mkubwa, ndiyo maandishi yenyewe. Mwalimu wa chuo hushika mkono wa mtoto. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa hati hiyo ya Kiarabu kabla ya herufi za Kirumi. Kisha mtoto huyo huyo anavuka barabara kwenda shule, na huko anaambiwa herufi zisigusane.

Najua jibu la walimu wenzangu, maana nami nilifundisha kabla ya kuondoka: nani atatazama mikono ya watoto tisini? Ni hoja nzito na siipuuzi. Kiwango chetu ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa mengi yamefurika. Hapa Ufaransa, kwenye maeneo yenye shida zaidi, darasa la kwanza lilianza kugawanywa nusu mwaka 2017, likawa la watoto kama kumi na wawili. Tofauti hiyo haizibwi na mbinu. Lakini vitanzi na vidaraja havihitaji hata daftari. Watoto tisini wanaweza kuchora mawimbi hewani kwa pamoja, au kwa kidole kwenye mchanga wa uwanjani, na mwalimu aliye mbele akaona mara moja ni nani anayekwenda kinyume.

Na siyo kila kitu cha huku nakitamani. Mtoto anayehamia hapa akiwa na miaka tisa anakuta ubao wote umeandikwa kwa mwandiko asioujua, na anaonekana hajui kusoma wakati anasoma kitabu vizuri tu. Hilo ni dhuluma, na shule nyingi haziligundui upesi.

Wapo pia watakaosema dunia imeshauacha mwandiko wa kuunganisha. Ufini kweli iliacha kuulazimisha mwaka 2016. California nayo ikaurudisha kwa sheria mwaka 2023. Sisi tuamue kwa kutazama lugha yetu, kwa sababu naamini Kiswahili kinaufaa mwandiko huu kuliko Kifaransa. Tunasomesha kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Ukiunganisha, silabi nzima inatoka kwa mwendo mmoja, kama inavyotoka mdomoni. Mtoto anaandika ma bila kuinua kalamu, na jicho, sikio na mkono vinakutana kwenye kipande kile kile. Tena b na d, zinazowachanganya wengi, hapa hazichanganyiki: moja inaanza kwa kitanzi cha kupanda, nyingine kwa mduara.

Ila tusinakili mpangilio wa Kifaransa. Wao huziweka k na w mwisho kwa kuwa kwao ni nadra, karibu zote za maneno ya kigeni. Sisi bila k na w hatuna kuku, wala kikombe, wala watoto. Ningeanza na i, u, e, l, t, m, n, zinazotosha kuandika mimi, mti, ulimi, lete, tule. Kisha a na jamaa zake. Na hapo hapo k na w. Ugumu wa w uko mwishoni mwake. Inamalizikia juu, kama b, o na v, na e inataka kuanzia chini, kwa hiyo mtoto aliyeizoea me hukwama kwenye we. Zoezi hilo lipewe wiki yake peke yake: wa na wi kwanza, ambazo ni nyepesi, halafu we, na mwisho wewe, neno zima bila kuinua kalamu.