Mume wa Elfu Kumi

Kliniki ya kwanza ya mimba haiendwi peke yako. Sijui hilo limeandikwa wapi, ila wanawake wote wa huku kwetu Mbagala wanalijua. Ukienda na mwenzio mnapitishwa mbele, mnapimwa pamoja, mnarudi nyumbani chai haijapoa. Ukienda peke yako unaulizwa "Baba yuko wapi?" kwa sauti ya kusikika mpaka getini, halafu unatumwa ukalete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba huyo baba kweli hayupo. Nia ni njema, maana VVU na kaswende ukitibu mmoja ukamwacha mwingine hujafanya kitu. Mimi siupingi utaratibu. Tatizo langu ni kwamba baba wa mimba alikuwa Kasumbalesa.

Kwa asiyepajua, Kasumbalesa ni mpakani mwa Zambia na Kongo, mahali ambapo lori likiingia kwenye foleni dereva anapata muda wa kufahamiana na mbuzi wa pale mmoja mmoja. Mume wangu anaendesha masafa hayo, Dar, Tunduma, mpaka Lubumbashi. Kila nikimpigia ananiambia, "Mke wangu, leo tumesogea." Kesho yake, tumesogea tena. Na mimba nayo inasogea, haisubiri kugongewa mhuri.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kutafuta barua. Mwenyekiti kaenda mazishini Kilwa. Mjumbe yupo, karatasi ipo, kalamu ipo, mhuri umefungiwa kabatini na ufunguo uko Kilwa.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama mwenye nyumba wangu, mtu mzima, watoto saba na wajukuu sihesabu, akaniangalia weee, akasema, "Sasa mwanangu unalilia nini? Si uchukue bodaboda?"

"Mama, kliniki si mbali, naweza kutembea."

"Nani kasema usafiri? Mume!"

Akanieleza kama mtu anayeelekeza duka la unga. Pale kijiweni kuna vijana wanaifanya hiyo kazi, wana heshima, hawakusumbui. Nikaenda. Wakanionyesha dogo mmoja mwembamba, kavaa kizibao cha kuakisi mwanga, anakula karanga. Nikaanza kujiumauma jinsi ya kulisema lile jambo, akanikatiza.

"Dada, ni mimba ya kwanza au mnarudia?"

"Ya kwanza."

"Nauli kwenda na kurudi elfu tatu. Kuwa mume elfu saba. Jumla kumi."

"Na wakitaka kukutoa damu?"

"Ya kidole imo humo humo. Sindano ya bega sichomwi, hiyo ni yenu."

Kesho yake alfajiri tukaondoka. Njiani tukafanya mazoezi, yeye anapiga kelele ndani ya helmeti, mimi napiga kelele mgongoni kwake. Mimi nani? Kabila gani? "Mngoni wa Songea!" Kazi? "Dereva wa lori!" Akasema hiyo safi, inaelezea harufu ya oili. Nikamwomba akifika avue helmeti. Akasema helmeti haiachi, wanaiba. Basi nikaingia kliniki na mume aliyekumbatia helmeti kifuani kama mtu aliyekwisha kuzaa.

Benchi la kliniki ni chuo, jamani. Hamjuani, lakini mkikaa dakika mbili mnaelezana mambo ambayo hata mama zenu hamjawaambia. Kulia kwangu alikaa mmoja ambaye mimba imemkataa mume kabisa, hataki hata sabuni anayoogea, na yule bwana sasa hivi analala sebuleni na mto wake na feni yake. Mwingine alikuwa halali kwa kiungulia, mabibi wawili waliosindikiza mabinti zao wakampongeza kwa pamoja kwamba mtoto ana nywele nyingi. Nikatoa na yangu: napenda harufu ya tairi jipya. Nikipita duka la vipuri narudi tena nikijifanya nimesahau kitu. Hakuna aliyenicheka. Mmoja aliniuliza tu kama nimejaribu mafuta ya taa.

Kushoto kwangu kulikuwa na dada mwenye tumbo kubwa, anayefungua pindo la khanga kidogo kidogo. Ndani yake vipande vya udongo, vya kijivu, ameshavivunja ukubwa wa ukucha. Anatupia kimoja mdomoni, kinalia kra, anafunga pindo. Baada ya muda anafungua tena. Dogo akawa anamwangalia. Nikamkanyaga mguu. Hakusikia.

"Dada," akamwambia, "hiyo hamu ya udongo inaweza kuwa damu imepungua. Vile vidonge vyako vya kuongeza damu unakunywa na nini?"

"Na chai ya maziwa."

"Ndiyo maana! Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kunywa na maji, au juisi ya chungwa kama ipo. Chai iache ije baadaye."

Benchi zima likanyamaza. Wanawake wakamgeukia yeye, halafu wakanigeukia mimi. Yule ambaye mumewe analala sebuleni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shoga, huyu umempata wapi?"

"Mungu tu," nikasema.

Ungekuwa mwisho mzuri, lakini nesi akatoka kutoa somo la asubuhi. Mama mtu mzima, miwani puani, hana haraka. Akauliza, nani atanitajia dalili za hatari kwa mjamzito? Sisi wenye matumbo tukainamisha vichwa. Mkono ulionyooka ni mmoja, na mkono mwingine umeshika helmeti.

"Kutokwa na damu ukeni," dogo akaanza. "Kichwa kuuma sana. Kuona maluweluwe. Kuvimba uso na mikono. Degedege. Homa kali. Mtoto kuacha kucheza. Chupa kuvunjika kabla ya uchungu. Ukiona mojawapo usisubiri tarehe ya kliniki, unakuja siku hiyo hiyo."

Neno kwa neno, mpaka pozi za nesi mwenyewe alikuwa nazo. Nesi akaweka kalamu chini.

"Na mahudhurio, baba? Mjamzito anapaswa kuhudhuria mara ngapi?"

"Manane. Zamani yalikuwa manne, Shirika la Afya Duniani likaongeza 2016."

Nesi akamsimamisha. "Wanaume wa Mbagala mnaona? Huyu ndiye baba! Mpeni makofi matatu!" Makofi yakapigwa. Dogo akainamisha kichwa kwa adabu. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuingilia chini ya benchi, huku dada wa udongo akininong'oneza kwamba nimshukuru Mungu na nisimwachie mtu huyu akaenda mbali.

Tukaitwa wa kwanza. Ndani nesi akanichoma mimi kwanza, nikapiga kelele kidogo, kawaida. Ikaja zamu ya dogo. Kabla hajaombwa akatoa mkono wa kushoto, akatenga kidole cha pete, kucha zimejaa grisi nyeusi, ncha ya kidole ameshaisugua safi. Akachomwa. Akachukua pamba mwenyewe, akafuta tone la kwanza, akaminya la pili, akalielekeza kwenye kipimo.

Nesi akainua miwani.

"Baba, hii ni mimba ya ngapi?"

Nikawahi, "Ya kwanza."

Yeye naye, kwa unyoofu kabisa, akauliza, "Mwaka huu?"

Kimya. Feni inazunguka. Nesi akaandika kitu kwenye daftari, kirefu kuliko majina yetu, akasema tukasubiri nje robo saa majibu yatoke.

Hatujakaa, geti likafunguka. Akaingia dada mmoja mnene wa uso, tumbo kama la miezi sita hivi, dera la maua, amesindikizwa na mwanamume wa makamo mwenye kizibao cha kuakisi mwanga kama cha mume wangu. Dogo akaiweka helmeti kichwani. Ndani ya kliniki. Akashusha na kioo.

Yule dada akasimama mbele yetu. Akagonga kioo cha helmeti kwa kidole.

"Baba Ima."

Kimya.

"Baba Ima, nakuona viatu."

Dogo akapandisha kioo taratibu. "Mke wangu," akasema, "si nilikwambia leo niko kazini?"

Aliyekuja naye alikuwa mwenyekiti wa kijiwe chao, naye kakodiwa. Yule dada alimwomba mumewe amsindikize, mumewe akasema hana nafasi, siku hizi kazi zimebana. Akaenda kijiweni kutafuta mume kama sisi wote. Nilijiandaa kushikwa kanga shingoni, maana nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mume wa mtu na makofi nimepigiwa. Lakini yeye alinigeukia kwa jambo jingine kabisa.

"Dada samahani. Wewe umemlipa shilingi ngapi?"

"Elfu kumi. Na nauli ndani."

"Huyu kanitoza kumi na tano!" Akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akajitetea kwamba yeye ana cheo. Dogo naye akasimama upande wa mkewe, anamlaumu mwenyekiti kwa kupandisha bei bila kikao. Benchi zima likaingia kwenye mjadala. Mabibi wakasema kumi na tano ni nyingi. Dada mmoja ambaye alikuwa amekaa kimya na mume wake tangu asubuhi akaanza kumwangalia huyo mume pembeni, na huyo mume akaanza kuangalia dari. Mpaka leo nasema yule naye alikuwa wa kijiwe cha pili, kule kwenye kituo cha daladala.

Nesi akatoka. Hakupaza sauti. "Wanaolala nyumba moja, waingie pamoja. Mwenyekiti, nje. Na wewe mke wa dereva," akaninyooshea kadi, "mwisho wa foleni."

Nikakaa mwisho wa foleni mpaka adhuhuri ikapita. Ilipofika zamu yangu kumbe hana hata kinyongo. Uzito, presha, wingi wa damu, mkojo, chanjo ya pepopunda begani, vidonge vya SP vya kukinga malaria akanisimamia nivimeze pale pale, chandarua juu. Kwenye nafasi ya mwenza akaandika "yupo safarini", akaniuliza, "Si ungesema tu?" Nikamweleza habari za mhuri na Kilwa. Akacheka mpaka akavua miwani.

Akanipa na orodha ya kuanza kununua pole pole: glovu, pamba, nyembe mpya, vibanio vya kitovu, mpira wa kutandika, khanga safi, nguo za mtoto, beseni, na hela ya usafiri iwekwe pembeni isiguswe. Huduma za uzazi kisera ni bure, ila hakuna sera ya beseni.

Getini nikamkuta dogo ananisubiri, mkewe ameshapelekwa nyumbani. Akasema kazi haikukamilika kwa hiyo anachukua elfu nane. Akaiomba ile orodha, akaisoma kama fundi anavyosoma injini ya mwenzake.

"Wameacha chupa ya chai. Nunua kubwa, ukijifungua uji wa moto utautaka usiku. Na khanga, dada, nunua mapema uzifue mara mbili tatu. Mpya ina dawa ya kunyooshea, haifyonzi kitu."

Nilizifua. Na kweli hazifyonzi mpaka zifuliwe.

Mume wangu alirudi na vitenge vya Lubumbashi, kakonda, ana furaha hajui aweke wapi mikono. Safari hiyo tukaenda wote. Alinyoa, akavaa shati la Idi. Nesi akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, akanigeukia mimi.

"Na huyu bei gani?"

Mume wangu akadhani ni utani wa kliniki, akacheka. Akatoa kitambulisho, jina linasomeka. Nesi akasema jina hata yule wa kwanza alikuwa nalo. Akamuuliza dalili za hatari. Jasho likamtoka mtu aliyevuka Kitonga na breki mbovu.

"Kuchemsha?" akasema.

"Nusu maksi, homa imo. Nyingine?"

"Kuvuja oili... namaanisha, damu."

"Hiyo imo. Nyingine?"

Akaniangalia mimi. Nikaangalia chandarua cha jirani. Nesi akatikisa kichwa, akaandika, akasema kwa huruma kwamba ndiyo, huyu ni wa kweli, wa kukodi hawezi kuwa hivi.

Tunatoka getini, kadi kaishika yeye kwa mikono miwili, pikipiki ikapita imepakia mama mwingine mwenye tumbo. Ikapunguza mwendo, kioo cha helmeti kikapanda.

"Mama watoto! Zile khanga umezifua?"

"Mara tatu!" nikajibu kabla sijafikiri.

Mume wangu akasimama. "Khanga gani?"