Fidla Haiulizwi Swali

Saluni ninayosukia hapa Dar es Salaam, shampuu hutoka kwenye dumu la lita tano lisilo na picha ya mtu yeyote. Dada anayeniosha kichwa huimiminia kwenye chupa ya kubonyeza, anaizimua na maji, kazi inaendelea. Juu ya kioo kuna televisheni. Humo hupita mwanamke mwenye nywele ndefu, anageuza shingo taratibu, nywele zinamwagika begani, muziki unapanda. Sisi tuliokaa chini, mmoja kafumuliwa nusu kichwa, mwingine yuko chini ya draya, hatuulizi ile ni shampuu gani. Tunaulizana: "Yule si yule wa ile tamthilia?"

David Ogilvy, mmoja wa magwiji wa biashara ya matangazo, aliliona hilo zamani. Alisema watazamaji humkumbuka mtu maarufu na kuisahau bidhaa, na alilisema kwa uchungu wa aliyeunguzwa: yeye mwenyewe alimlipa Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Roosevelt wa Marekani, dola 35,000 atangaze majarini.

Kwa hiyo lawama dhidi ya mastaa kwenye matangazo ya shampuu si ngumu kuzielewa. Staa analipwa aseme anachokisema. Nyumbani ana mtu wa kumtengeneza nywele. Taa, feni na kompyuta vimefanya kazi ambayo shampuu haiwezi. Na shampuu yenyewe, tuseme ukweli, ni sabuni ya kuondoa mafuta na uchafu kwenye unywele ambao ukishatoka nje ya ngozi umekwisha kufa. Unaweza kuusafisha, ukaupaka kitu cha kuulainisha, lakini kuufufua huwezi. Wengi huishia hapo na kusema: basi tangazo liwe na muziki badala ya staa, muziki haudanganyi mtu.

Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, na muziki wenyewe ndio ulionishawishi, maana baadhi yake ni mzuri kwelikweli. Miaka ya 1960 Sunsilk ya Uingereza ilimpa kazi John Barry, mtunzi wa muziki wa filamu za James Bond. Akatunga kipande cha msichana mwenye jua nyweleni, na kipande hicho kikaja kutolewa kwenye sahani ya santuri. Fikiria: tangazo la kuoshea kichwa, mtu anatoa fedha yake kulisikiliza.

Kuna na lile la Pantene la Thailand, la mwaka 2008. Ni filamu fupi ya dakika kama nne. Binti kiziwi anajifunza fidla, mwenzake mpiga piano anamdhihaki kuwa kiziwi hawezi kupiga muziki, na mzee mpiga fidla wa barabarani, naye kiziwi, anamtia moyo. Mwishoni binti anapanda jukwaani na fidla iliyovunjwa na kuungwaungwa, anapiga Kanoni ya Pachelbel, muziki maarufu wa kale wa Ulaya, nywele zikipepea. Hakuna povu wala bafu, na hakuna staa. Nimeiona zaidi ya mara moja, na kila mara macho yananilengalenga. Sioni aibu kusema.

Lakini jiulize: tangazo hilo limesema nini kuhusu shampuu? Halijasema lolote. Hakuna neno ndani yake ambalo mamlaka ya viwango au mahakama yoyote inaweza kulishika na kusema hili ni kweli au hili ni uongo. Limechukua kilio changu juu ya binti kiziwi na kukibandika kwenye chupa, na mimi sina pa kudai. Hapo ndipo nilipoanza kuwaona mastaa wanaonewa. Staa ni shahidi. Anaweza kuwa shahidi wa uongo, lakini shahidi anaulizwa maswali, ana jina, na akikamatika anachafuka yeye. Fidla haiulizwi swali.

Mfano wangu ni Jackie Chan, mwigizaji wa filamu za kung fu. Mwaka 2004 aliitangaza shampuu ya Bawang ya China, inayojinadi kuwa na mitishamba. Kwenye tangazo anasimulia kwamba alipoombwa mara ya kwanza alikataa. Alitaka aitumie kwanza, kwa sababu hakupenda nywele zitiwe ujanja wa kompyuta zikang'aa, zikawa nyeusi na laini, kisha watu wamtukane wakisema nywele za namna hiyo hazipo. Kuelezea mng'ao huo akatoa mlio wa mdomo: "duang!" Ni tangazo la ajabu kidogo, maana linalotetewa ndani yake ni ushahidi wenyewe kuliko hata povu.

Julai 2010 jarida moja la Hong Kong likaandika kwamba shampuu za Bawang zina 1,4-dioksani, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Hisa za kampuni zikaporomoka. Serikali ya China ilisema kiasi kilichokutwa hakidhuru. Kampuni ikaenda mahakamani na mwaka 2016 ikashinda, ikapewa fidia ya dola milioni 3 za Hong Kong, lakini jina lilikwisha kuharibika miaka sita kabla. Mwaka mmoja kabla ya hukumu, Februari 2015, vijana wa China walilikata lile tangazo la zamani wakalichanganya na wimbo, likawa kichekesho cha nchi nzima. Neno "duang" halikuwa na herufi ya Kichina, wakaitunga kwa kupachika herufi mbili za jina la Jackie Chan, moja juu ya nyingine. Walichomcheka ni kile kile alichoahidi: kwamba nywele zake hazikutiwa ujanja. Ameulizwa swali na taifa zima, miaka 11 baadaye. Nionyeshe fidla iliyowahi kuulizwa hivyo.

Anayepinga ataniambia kuuliza si kupata jibu, na ana hoja. Uingereza mwaka 2009 mwimbaji Cheryl Cole aliitangaza shampuu ya L'Oréal, watazamaji wakalalamika kwamba zile nywele ni za kuunganisha. Mamlaka ya matangazo ikayatupa malalamiko, kwa sababu maandishi kwenye skrini yalikuwa yamekiri. Shahidi anasema nywele zangu, maandishi madogo chini yanasema si zote. Uamuzi ule sikuupenda hata kidogo. Hata hivyo, bila Cheryl maandishi yale yasingekuwepo kabisa.

Ninayemkubali bila kusita ni Troy Polamalu, mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Nywele zake zilitoka nje ya kofia ngumu ya mchezo na kumfunika mgongo, na mashabiki waliziona kila mechi, zikiwa na jasho na majani. Mwaka 2010 watu wa shampuu ya Head & Shoulders wakazikatia bima ya dola milioni 1 kwa Lloyd's, soko la bima la London. Mzaha wa kibiashara, ndiyo, lakini mzaha juu ya nywele za kweli.

Kwetu Afrika kuna tangazo lililoumiza kuliko yote hayo, nalo halikuwa na staa wala wimbo. Septemba 2020 tovuti ya maduka ya Clicks, Afrika Kusini, iliweka picha za matangazo ya TRESemmé, bidhaa za nywele: nywele za mwanamke mweusi zikaitwa kavu na zilizoharibika, za mzungu zikaitwa za kawaida. Wafuasi wa chama cha EFF wakaenda kwenye milango ya maduka, na Unilever, kampuni yenye TRESemmé, ikaiondoa madukani kwa siku 10. Machi 2021 ikatangaza kuliacha neno "kawaida" kwenye vifungashio na matangazo yake. Nadhani hasira ilikwenda mlangoni kwa sababu kwenye picha zile hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Balozi wa bidhaa mwenye jina lake angelazimika kujibu siku hiyohiyo, au angezikataa picha kabla hazijatoka.

Februari 2024 Beyoncé aliingiza sokoni shampuu zake, Cécred. Maneno yakaanza: huyu wa mawigi, atatuambia nini kuhusu nywele? Aprili akaweka video: nywele zake mwenyewe, zimefumuliwa, zinaoshwa na kukaushwa, huku akisimulia kwamba watu hudhani wavaa wigi hawana nywele ndefu zenye afya. Ndiye shahidi, ndiye mwenye duka, na ushahidi umefika miezi miwili baada ya chupa. Saluni tuliitazama kwenye simu ya dada anayeniosha. Akaisogeza nyuma mara mbili, akainama aone mizizi.