Mtoto mwenye tundu kwa moyo hangoji bajeti

Kila msimu wa Mater Heart Run, zile mbio za Hospitali ya Mater za kuchangia watoto wenye shida ya moyo, ukifika hapa Nairobi na tisheti zianze kuuzwa maofisini, ule mjadala unarudi: mbona tukimbie ndio mtoto apasuliwe moyo na sisi tunalipa kodi, halafu tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa SHA, bima ya afya ya serikali? Wanaouliza hawajakosea. Nchi za Afrika ziliahidi pale Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itaenda kwa afya, na sisi hatujafika. Hofu yao ni kwamba tukizoea kuchanga serikali italala kabisa, na hiyo hofu naielewa.

Lakini tuangalie moyo wenyewe. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, kama 8 hivi wana kasoro ya moyo. Kuna matundu madogo yanajifunga yenyewe. Lile kubwa halijifungi, damu inasukumwa mapafuni kwa nguvu usiku na mchana, mishipa ya mapafu inakakamaa pole pole, na ikishakakamaa kabisa daktari hawezi tena kuliziba hilo tundu hata umletee mamilioni, kwa sababu wakati huo kuliziba ndiko kutamuua mtoto. Yaani kuna dirisha la muda na linafungwa. Bajeti ikikosa pesa mwaka huu itasomwa tena Juni ijayo, sasa huyo wa miezi sita unamwambia angoje Juni ngapi?

Jirani yangu hapa Umoja alikuwa na mtoto kama huyo. Akinyonya anatokwa jasho kwenye paji la uso, anavuta mara tatu nne, anaachilia titi, anahema, anaanza upya, na mamake akadhani ni joto la nyumba ya mabati. Walipoambiwa ni moyo wakafungua grupu ya WhatsApp. Wiki ya kwanza pesa ziliingia, ya tatu kimya, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Aliyewaokoa ni mfuko wa hospitali uliomalizia bili, mtoto akapasuliwa akiwa na miezi 11.

Ndio maana naona tunachanganya vitu viwili. Mchango wa grupu unategemea unajuana na nani na picha ya mtoto inagusa watu kiasi gani. Mfuko ukiendeshwa vizuri, foleni anaipanga daktari, anayezidiwa ndiye anatangulia, hata kama mamake ni mama mboga asiye na mtu wa maana kwa simu. Heart Run imekuwa ikichangisha hivyo tangu 1993, na watoto waliotibiwa miaka ya tisini saa hii ni watu wazima.

Hoja inayoniuma kweli ya upande ule mwingine ni ya mashine inayonunuliwa kwa michango. Inaletwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, halafu kifaa kimoja kinaharibika na hakuna aliyepanga pesa ya spea wala ya nesi wa kuiendesha, inafunikwa shuka pale kona. Hapo lawama ni ya wachangishaji na sisi wachangaji tunaopenda kitu cha kuonekana. Kwa hivyo mimi tisheti nanunua, lakini kwanza nauliza: mwaka jana mlipasua watoto wangapi, na kwa foleni wamebaki wangapi?