Kurusha picha kwenye grupu siyo kuitunza

Kwenye studio za kusafisha picha hapa Mwanza kuna ombi linalojirudia, na huwa linaumiza kila likija. Familia ina msiba, inataka picha kubwa ya marehemu ya kuweka kwenye fremu. Inatolewa simu, inafunguliwa WhatsApp, grupu la ukoo linarudishwa nyuma miezi na miezi mpaka picha inapatikana: mama amesimama kwenye kivuko cha Kamanga, kitenge kinapeperuka, anacheka. Hakuna picha yake nyingine iliyotoka vizuri hivyo. Faili lina KB 140. Fundi analivuta kufikia ukubwa wa fremu, macho yanageuka madoa, kisha anauliza swali ambalo jibu lake analijua: "Ile yenyewe hamna?" Hamna. Simu iliyoipiga ilishaibiwa.

Jamani, hili linazuilika, na linazuilika palepale safarini, kwa kupandisha picha yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni kabla simu haijapotea.

Ukirusha picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza mpaka upande wake mrefu ubaki na pikseli 1,600 hivi, yaani vile vitone vidogo vinavyounda picha. Kamera ya megapikseli 12 ilikuwa imekupa 4,000 kwa 3,000. Maana yake pikseli milioni 12 zimeshuka chini ya milioni 2, na zilizotupwa hazirudi kwa programu yoyote. Ukichapa kwa vitone 300 kwa inchi, upande mrefu unatoka inchi 5 na kidogo, ilhali karatasi ya A4 inataka pikseli 3,508 kwa 2,480. Herufi HD unazoziona juu ya picha kabla ya kutuma, zilizokuja mwaka 2023, zinasaidia, lakini picha bado inabanwa upya. Stetasi ndiyo kabisa, saa 24 imeondoka.

Angalia na jina la faili. Ukikuta IMG-20250614-WA0007, hizo herufi WA zinakwambia picha imepita WhatsApp, na tarehe hiyo ni ya siku ilipopita huko, siyo siku ilipopigwa. Tarehe ya kweli, saa na mahali vilivyokuwa ndani ya faili vimefutwa. Picha za kisiwa cha Saanane za Juni ukirushiwa Desemba, zitajipanga katikati ya picha za Krismasi.

Nakubali, kufutwa kwa mahali kuna faida yake. Faili halisi lililopigwa nyumbani likiwekwa hadharani linaweza kumwonyesha mtu usiyemjua nyumba yako ilipo. Basi hadharani weka ile ndogo. Ile yenyewe ipandishe kwenye akaunti yako.

Kama ni lazima upitie WhatsApp, gusa alama ya kibanio, chagua Dokumenti, usichague Matunzio, kisha ichukue picha kutoka humo. Inakwenda nzima, na tarehe yake ndani. Lakini njia ninayoitetea mimi ni hifadhi ya mtandaoni. Kwa Google Photos, ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi nakala, weka ubora wa asili, kisha chagua mafolda: folda ya kamera iwashe, ya WhatsApp iache imezimwa. GB 15 za bure zinagawanywa na barua pepe zako na Drive, na tangu Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa humo, kwa hiyo video za vichekesho za magrupu zisikumalizie nafasi ya mzazi wako.

Sasa tuje ziwani, Ziwa Victoria, maana huku ndiko watu wanakata tamaa na kuishia kurusha kwenye grupu.

Uko kwenye meli ya kwenda Nansio, kule Ukerewe, simu inaonyesha vijiti vitatu, unapandisha picha, duara linazunguka, linazunguka, halafu inaandika imeshindikana. Unailaumu laini. Tatizo ni kwamba vile vijiti vinapima jinsi simu inavyousikia mnara. Havikuambii kama mnara unaisikia simu. Mnara unarusha kwa makumi ya wati, simu yako ya 4G mwisho wake ni robo ya wati hata haifiki. Juu ya maji hakuna mlima wala nyumba ya kuzuia, kwa hiyo sauti ya mnara inakufikia mbali sana, ila yako hairudi. Ndiyo maana unaweza kusoma meseji na kuona picha za wengine huku yako haipandi. Ukiwa ndani ya meli, bati na chuma vinapunguza zaidi. Panda sitaha, simama upande unaoelekea nchi kavu, na usiifunike simu yote kwa kiganja.

Halafu piga hesabu kabla ya kuanza. Picha moja ni kama MB 4, yaani megabiti 32. Mtandao ukipandisha megabiti moja kwa sekunde, hiyo ni nusu dakika kwa picha, na picha 60 ni nusu saa. Ukishuka kwenye E, ule mtandao wa 2G, labda unapata sehemu ya kumi ya hapo: dakika tano na zaidi kwa picha moja, saa tano kwa zote. Hapo usihangaike. Zima data, tunza chaji, subiri meli ifunge gati. Kwenye meli ya usiku ya kwenda Bukoba, katikati ya ziwa hakuna cha kupandisha hata ufanyeje, na simu inayotafuta mnara usiku kucha inamaliza betri. Iweke kwenye hali ya ndege ulale.

Muda mzuri ni usiku wa manane mpaka alfajiri. Watu wamelala, mnara umepumua, na bando la usiku huwa na GB nyingi kwa bei ndogo. Ila kuna mambo yanayowaangusha wengi hapo. Programu ya kuokoa betri inaifunga ile ya picha mara kioo kinapozimika, unaamka asubuhi zimepanda picha nne. Nenda kwenye mipangilio ya betri, itoe programu ya picha kwenye vizuizi, chomeka chaja. Video zizuie zisipande kwa data, kwa sababu dakika moja inaweza kuzidi MB 100 na bando likaishia kwenye video ya mawimbi. Na usipandishe kwa fomu ya tovuti ndani ya kivinjari: mtandao ukikatika, nyingi zinaanza upya kutoka sifuri, wakati programu nzuri ya hifadhi inaendelea pale ilipoishia.

Ukifika mpakani, Mutukula au Sirari, zima data ya mtandao wa ugenini. Simu ikidaka mnara wa nchi jirani, salio linaondoka kimyakimya.

Kosa la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu anayelifanya ni mtu aliyekuwa makini. Amepandisha kila kitu, simu imejaa, anaingia Google Photos na kufuta picha ili apate nafasi. Amezifuta kote kote, simuni na mtandaoni. Zinakaa kwenye pipa la taka siku 60, halafu basi. Ukitaka nafasi, tumia kitufe cha kuongeza nafasi kwenye kifaa, chenyewe kinaondoa simuni zile tu zilizokwisha kupanda.

Kabla hujapanda kivuko cha kurudi, fungua picha ya kwanza ya safari, ya katikati na ya mwisho. Gusa maelezo yake, usome kama imehifadhiwa na ina MB ngapi. Ukiona 3 au 4, iko yenyewe. Ukiona KB, rudi kwenye mipangilio sasa hivi, simu ingali mkononi mwako.