Mtoto akutane kwanza na kompyuta iliyo tupu

Daftari la mpwa wangu wa kidato cha pili lina mchoro mzuri wa kompyuta: kioo, kibodi, kipanya na boksi la mfumo, kila kimoja na maelezo yake. Maana ya programu ameandika, na ya kumbukumbu pia. Mtihani anafaulu. Lakini hajawahi kuiagiza kompyuta ifanye jambo hata moja ambalo mtu mwingine hakuwa ameshaliandaa. Simu anaijua kuliko mimi, na humo nako kazi yake ni kugusa vilivyopangwa na wengine. Jambo hili linaniuma siku nyingi, na ndilo lililonifanya niagize kompyuta yenye umri wa zaidi ya miaka arobaini. Ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, nikaipokea stendi ya Nanenane hapa Dodoma.

Ni BBC Micro Model B, iliyoingia sokoni Uingereza Desemba 1981. Sisi BBC tunaijua kwa Idhaa ya Kiswahili. Kumbe miaka ile shirika hilo lilikuwa na mpango wa kuwafundisha Waingereza kompyuta kwa vipindi vya televisheni, likahitaji mashine ya kwenda na vipindi hivyo. Kazi ikaenda kwa Acorn, kampuni ndogo ya Cambridge. Serikali yao ikazisaidia shule za sekondari kwa kulipa nusu ya bei, na mashine zaidi ya milioni moja zikauzwa.

Huku kwetu hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu 1965, lakini kazi ya kuhamishia hesabu za serikali humo haikwenda vizuri, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Siwalaumu waliofanya uamuzi ule. Na mashine hii ilipoingia sokoni, nchi iliyotoka Vita vya Kagera ikakuta foleni za sukari na sabuni ilikuwa na mengine ya kufikiria. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye, lakini hata isingekuwepo, mashine hii ilitaka televisheni iwe kioo chake, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini.

Matokeo yake ni kwamba wengi wetu tulikutana na kompyuta ikiwa imeshakamilika: Windows kwenye intaneti kafe, kisha simu ya mkononi. Kile kipindi ambacho mtoto anawasha mashine na mashine inamngoja yeye, kilitupita.

Sasa mashine yenyewe. Plagi yake ni ya pini tatu bapa kama zetu, na umeme wake unalingana na huu wetu, kwa hiyo kishawishi cha kuichomeka palepale ni kikubwa. Yeyote atakayepata ya aina hii namsihi asiichomeke. Kwanza afungue. Na kufungua kwake ni jambo la kufurahisha, kwa sababu skurubu mbili za nyuma na mbili za chini zimeandikwa FIX pembeni yake. Ukishazitoa hizo nne, kifuniko kinanyanyuka na kila kitu kiko wazi: chipu kubwa zimekaa kwenye soketi, zinang'oleka kwa bisibisi bapa na mkono mtulivu, na zipo soketi zilizoachwa tupu makusudi ili mwenye mashine aongeze chipu zake. Jaribu kufungua simu ya leo uone gundi inavyokupigisha jasho.

Hatari iko kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma upande wa kushoto linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za mashine. Ndani yake kuna kapasita mbili (vijifaa vinavyotunza umeme kwa muda mfupi) zinazopokea umeme wa ukutani. Zimetengenezwa kwa karatasi iliyopakwa metali, zikafunikwa plastiki ngumu ya njano inayopitisha mwanga. Miaka ikipita plastiki hupasuka, unyevu hupenya hadi kwenye karatasi, na siku umeme ukiingia hupasuka kwa kishindo na moshi mzito unaonuka chumba kizima. Nilipozimulika za kwangu zilikuwa na nyufa kama udongo wa mbuga mwezi wa tisa. Nikazitoa, nikachomelea mpya za aina ya X2, zinazotengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani, ambazo fundi yeyote wa TV anazo.

Kisha nikaijaribu pawa saplai peke yake, bila kuiunganisha na bodi yenye chipu. Upande wa umeme wa ukutani nilifunga balbu ya wati 100 kwenye waya wa moto, ili umeme upite kwanza ndani ya balbu: kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zake zote na hakuna kinachoungua. Upande wa kutoa nilifunga taa ya mbele ya pikipiki, kwa sababu pawa saplai za aina hii hazitulii zisipopewa mzigo. Balbu ikamulika kidogo ikafifia, taa ya pikipiki ikawa nyekundu hafifu, na mita ikasoma volti 5 kwenye nyaya nyekundu na 5 hasi kwenye waya wa zambarau. Hapo ndipo nilipoiunganisha na bodi. Chipu hizi zikipewa volti zaidi hazitengenezeki. Vumbi jekundu lililoingia kwa matundu ya juu nililitoa kwa brashi, nikigusa chuma kilichounganishwa na ardhi kila mara, maana hewa yetu kavu ya kiangazi inajaza mwili umeme tuli.

Ukiiwasha, sikiliza kabla ya kutazama. Inatoa mlio mzito, halafu mwingine mfupi na mwembamba. Mlio wa kwanza ukiendelea bila wa pili kufuata, ujue ubongo wa mashine haujaamka. Yangu ilitoa yote miwili. TV ya chogo niliiweka chaneli 36 ya UHF, na baada ya kutafuta-tafuta kidogo maandishi meupe yakatokea: BBC Computer 32K, chini yake BASIC, na chini kabisa alama moja ya mshale na kistari kinachopepesa. Haikupakia kitu wala kuomba neno la siri. BASIC, lugha ya kuiandikia programu, imo kwenye chipu, tayari.

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Mjomba, mbona haina kitu?”

“Inacho. Inakusubiri wewe.”

“Nibonyeze wapi?”

“Hapabonyezwi. Andika unachotaka ifanye.”

Nikampa mistari miwili tu: wa 10 unaosema PRINT "DODOMA"; yaani andika DODOMA (ile nukta-mkato ya mwisho inaizuia mashine isiruke mstari), na wa 20 unaosema GOTO 10, yaani rudi mstari wa 10. Mara ya kwanza aliandika PIRNT, na alipoandika RUN ili programu ianze, mashine ikamjibu Mistake at line 10, akairekebisha mwenyewe bila kuniuliza. Akaandika RUN tena. Kioo kikajaa DODOMA kutoka juu hadi chini, naye akapiga kelele mpaka dada yangu akatoka jikoni kutazama.

Alipobonyeza ESCAPE na maandishi kusimama, aliona jambo ambalo sikumwonyesha. Maneno hayakupangana. Mstari mmoja uliishia na DODO, wa pili ukaanza na MA, wa tatu ukaanza na DOMA. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ahesabu herufi zinazoingia kwenye mstari mmoja. Ni 40. DODOMA ni herufi 6; mara sita ni 36, zinabaki nne, na hizo nne ndizo DODO. Akabadilisha jina akaweka BAHI, na majina yote yakasimama wima kama yamepigiwa rula. CHAMWINO nayo ikasimama. KONGWA ikakatika vilevile kama DODOMA. MPWAPWA ikakatika namna nyingine kabisa, na mpangilio wake ukawa unajirudia kila baada ya mistari saba. Hapo akanyamaza kidogo, akasema, “Mjomba, hii si ni ile KDS ya shule ya msingi?” Ndiyo yenyewe, kigawe kidogo cha shirika. Alikuwa ameifaulu bila kuona ina kazi gani duniani, na sasa ameikuta kwenye majina ya wilaya za mkoa wake.

Kwa dakika zile chache nimeona somo la kompyuta na la hisabati vikifundishika pamoja, bila intaneti, kwa mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja ya WhatsApp inaizidi. Ndiyo maana nasema mtoto akutane kwanza na kompyuta iliyo tupu, ndipo apewe iliyojaa. Akianza na iliyojaa, anajifunza kuitumia. Akianza na tupu, anajifunza kwamba kila kilichomo ndani ya ile iliyojaa kimeandikwa na mtu, na yeye ni mtu.

Kuna watakaosema haya ni mapenzi ya vitu vya kale. Naomba watazame simu zao. Wahandisi wawili wa Acorn, Sophie Wilson, aliyeandika hiyo BASIC, na Steve Furber, waliendelea mbele wakabuni chipu mpya iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza Aprili 1985. Iliitwa ARM, na walipoijaribu waliiunganisha na BBC Micro. Leo karibu kila simu janja inatumia muundo wa ukoo huo, pamoja na zile za bodaboda wanaopokea malipo pale Nyerere Square. Waliobuni ubongo wa simu zetu walikuwa watu wa kufungua kifuniko na kuandika mstari wa kwanza.

Sidai shule zinunue mashine hizi. Vipuri vyake ni shida na kila moja ina mambo yake. Lakini BASIC hiyohiyo ipo leo, Richard Russell ameiendeleza kwa miaka mingi, na toleo lisilolipiwa linafanya kazi kwenye Windows na kwenye simu za Android. Chumba cha kompyuta chenye mashine chakavu kinatosha kabisa. Kinachotakiwa ni mwalimu kuthubutu kuanza kipindi cha kwanza na kioo kitupu, kabla ya Word na Excel, na kuwaacha wakosee hadi waelewe. Kama mwalimu anapenda Python, na aanze na Python, mradi mwanafunzi aandike kitu chake mwenyewe siku ya kwanza.

Kilichobaki kwangu ni kuhifadhi kazi. Ukizima mashine, programu imepotea, na mpwa wangu amelalamika sana juu ya hilo, maana ameanza nyingine ya kukokotoa nauli. Zamani walihifadhi kwenye kaseti za kawaida, mashine ikigeuza programu kuwa sauti. Redio-kaseti bado zipo kwa mafundi wa Sabasaba, na waya wake wenye plagi ya pini saba nitautengeneza mwenyewe. Ukikamilika, mwalimu yeyote wa TEHAMA hapa mjini anayetaka mashine hii mbele ya darasa lake aniambie. Nitaileta mimi mwenyewe, pamoja na TV.